Mtoto Asikalishwe Kwenye Kiti cha Mkalimani

Hotuba kwa walimu na wazazi wa wanafunzi wanaojifunza Kiingereza, Lexington, Kentucky

Waheshimiwa walimu wakuu na walimu, wazazi wangu, ndugu zangu mliotoka Fizi na Uvira, Bukavu na Goma, Bujumbura na Kigoma, na nyinyi vijana mliowasindikiza wazazi wenu jioni hii: hamjambo, na poleni kwa baridi.

Niliomba nizungumze kwa Kiswahili, na waandaaji wakakubali. Ndiyo maana walimu wetu wamevaa vipokea sauti masikioni, na wakalimani wawili wamekaa pale nyuma wakipokezana kila baada ya robo saa, kwa sababu kazi ya kuhamisha maneno huku msemaji anaendelea kusema huichosha akili upesi. Walimu, karibuni sana. Mtaona kwamba wazazi wanaitikia kabla yenu, na kwamba neno likiwafikia nyinyi limeshapoa kidogo. Naomba mvumilie kwa muda huu mfupi, mkikumbuka kwamba wazazi hawa huvumilia hivyo kila wanapokanyaga shuleni, na mara nyingi hawapewi hata hicho kipokea sauti.

Nimefanya kazi ya ukalimani mashuleni kwa miaka 11. Nimetafsiri habari za chanjo, za adhabu, za mabasi na za tuzo. Katika miaka hiyo yote kuna jambo moja lililonikaa moyoni, nalo ndilo nililoliombea nafasi ya kulisema mbele ya pande zote mbili kwa pamoja: mtoto anayejifunza Kiingereza asifanywe mkalimani kati ya shule yake na mzazi wake. Mengine yote tunayoyaita kuzishirikisha familia, yaani mikutano, barua, sherehe za vyakula vya mataifa, hayasimami endapo hilo halijakaa sawa.

Nitaanza na kisa, kwa idhini ya mama mwenyewe, ambaye ameniomba nisimtaje jina wala shule.

Miaka 3 iliyopita niliitwa kusaidia kikao kuhusu mvulana wa darasa la tatu. Nilipofika nikakuta kwamba hicho kilikuwa kikao cha pili. Cha kwanza kilifanyika miezi minne kabla, bila mkalimani, kwa kuwa dada yake mvulana huyo, binti wa miaka 11, alikuwa anasoma katika shule hiyo hiyo na Kiingereza chake kilikuwa kizuri. Walimwita atoke darasani, wakamkalisha kati ya mama yake na watu wazima watano, wakamwomba amweleze mama kwamba mdogo wake anatakiwa kufanyiwa tathmini ya elimu maalumu, kwamba tathmini hiyo haiwezi kufanyika bila ridhaa ya mzazi, na kwamba mzazi ana haki ya kukataa. Binti akamgeukia mama yake, akasema: “Wanataka kumsaidia mtoto. Andika jina lako hapa.” Mama akaandika jina lake.

Binti huyo hakudanganya. Alisema alichokielewa, kwa maneno aliyokuwa nayo, na neno kama “tathmini” au “ridhaa” hakuwahi kulisikia jikoni kwao. Kiswahili chake kilikuwa cha mtoto aliyepanda ndege akiwa na miaka 6, na Kiingereza chake, ambacho kila mtu pale alikisifu, kilikuwa cha uwanjani na cha kwenye basi la shule. Jim Cummins, mtaalamu wa elimu wa Kanada, ndiye aliyetofautisha, tangu mwaka 1979, lugha ya mazungumzo na lugha ya masomo, na tafiti zake zilizofuata zilionyesha kwamba ya kwanza mtoto huipata kwa takribani miaka 2, lakini ya pili humchukua miaka 5 hadi 7, pengine zaidi. Tofauti hiyo walimu waliomo humu wanaifahamu vizuri wanapopanga masomo. Hata hivyo, siku ya kikao na mzazi huisahau, wakamsikia mtoto anaongea kama maji yanayotiririka, wakadhani kwamba anaweza kubeba maneno ya sheria na ya utabibu kutoka lugha moja hadi nyingine, katika uzito ambao hata mtu mzima aliyesomea kazi hiyo hulazimika kujiandaa kwa kamusi.

Sasa turudi kwenye kikao cha pili. Ripoti ilikuwa na kurasa 12, nami nikamsomea mama ukurasa kwa ukurasa. Ilisema mtoto hafuati maelekezo, haitiki akiitwa, huwatazama wenzake midomoni kabla ya kufanya jambo lolote, na kwamba huenda ana tatizo la kuelewa. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini: “Dada yangu, hawa wanajua kwamba sikio lake la kushoto halisikii?”

Akaeleza. Mtoto alitokwa na usaha masikioni tangu hajafikisha mwaka mmoja, wakiwa katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania. Zahanati walikuwa wakimpa dawa ya matone, usaha unakauka, kisha unarudi. Ulipokoma kabisa, mama aligundua kwamba akimwita kutoka upande wa kushoto hageuki. Nilipoyatafsiri maneno hayo, mwalimu wa darasa alisema kwamba mwaka mzima alikuwa amemkalisha karibu na dirisha, kwenye kiti ambacho sikio la kushoto la mtoto ndilo lililoelekea ubaoni. Na kile kipimo cha usikivu alichofanyiwa alipoandikishwa? Maelekezo yalitolewa kwa Kiingereza, inua mkono ukisikia mlio, naye mtoto aliinua mkono kila alipoona muuguzi anamtazama.

Katika jengo lile zima, mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa na habari iliyohitajika, naye alikuwa ameshafika shuleni miezi minne kabla, ameketi kwenye meza ile ile, bila kuulizwa. Dada mtu hakuweza kuisema kwa niaba ya mama, kwa sababu wakati wa usaha yeye mwenyewe alikuwa mtoto mdogo. Hapo ndipo ninapoona mzizi wa shida yetu. Tunafikiri kwamba mkalimani yupo ili mzazi aisikie shule. Kumbe yupo zaidi ili shule imsikie mzazi, na mtoto akikaa katika kiti hicho, huenda maneno ya shule yakafika nyumbani yakiwa yamepungua, lakini maneno ya mzazi hayafiki shuleni kabisa.

Sheria inasemaje? Sheria ya Marekani kuhusu elimu ya watoto wenye ulemavu inataka ridhaa ya mzazi itolewe baada ya mzazi kuelezwa kila jambo katika lugha yake, na inaitaka shule ihakikishe kwamba mzazi anaelewa kinachoendelea kikaoni, ikiwa ni pamoja na kumleta mkalimani. Inakataza pia mtoto kuhesabiwa kuwa na ulemavu ikiwa sababu kuu ni kutojua Kiingereza. Kwa hiyo saini ile ya mama ilikuwa ya wino tu, haikuwa ridhaa.

Naomba tumwangalie kidogo na yule binti, maana yeye husahaulika. Siku ile alipoteza kipindi kizima cha hesabu. Wiki iliyofuata alipoteza siku nzima, kwa sababu mama alikuwa na miadi hospitalini na hakukuwa na mtu mwingine wa kwenda naye. Wazazi, hapa Kentucky mwanafunzi anayekosa shule siku 3 bila udhuru unaokubalika huhesabiwa kisheria kuwa mtoro, na kwenda kumtafsiria mama hospitalini si udhuru wa kuutegemea. Hospitali nayo ina wajibu wa kumtafutia mgonjwa mkalimani. Ombeni huyo, mwacheni binti aende darasani. Lakini hata tukiziacha hesabu za siku, kuna mzigo mwingine. Mtoto anayetafsiri kila kitu anajua deni la baba, anajua ugonjwa wa mama, anajua barua ya mwenye nyumba imesema nini, na usiku analala na hayo yote. Tena anajua kwamba barua ya shule haitasomwa isipokuwa aisome yeye. Nimewaona watoto wema kabisa, waliolelewa kwa adabu, wakianza kuamua wenyewe ipi isomwe na ipi ikae chini ya begi. Katika mila zetu mkubwa ndiye anayejua na mdogo ndiye anayeuliza. Hilo likigeuzwa kila siku mezani, mzazi huanza kunyamaza ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Na kunyamaza huko ndiko ambako walimu hukutafsiri vibaya. Nimesikia mara nyingi ikisemwa, bila nia mbaya, kwamba wazazi wa Kikongo hawajali. Hebu niwaeleze walimu wanakotoka wazazi hawa. Kule Kongo, kwa miongo mingi, sehemu kubwa ya pato la mwalimu ilitoka mfukoni mwa mzazi. Serikali ilitangaza elimu ya msingi bila malipo katika shule za umma mwaka 2019 tu, wakati ambapo wengi waliomo humu walikuwa wameshakimbia. Mzazi aliuza mihogo, akauza mbuzi, akalipa. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake, pamoja na kununua sare na kumfunza mtoto adabu, na kazi ya mwalimu ilikuwa kufundisha. Kumwendea mwalimu na kumuuliza anafundishaje lilikuwa jambo la kumvunjia heshima. Na mzazi aliyeitwa shuleni aliitwa kwa mojawapo ya mambo mawili: deni au kosa. Mtu aliyezoea hayo kwa miaka 30 mkimpigia simu na kumwambia aje shuleni “kuzungumza tu”, moyo wake unadunda mpaka siku ya kikao. Akifika, anakaa wima, anaitikia kila jambo kwa kichwa, na anaondoka. Ameonyesha heshima yote aliyonayo. Nyinyi mmeandika kwenye faili kwamba hakuwa na maswali.

Ongezeni na kazi zao. Wengi humu wanafanya zamu ya usiku kwenye maghala na viwanda. Mkutano wa saa kumi alasiri humkuta baba akiwa ametoka kuamka, na mama akiwa anajiandaa kuondoka.

Ndugu wazazi, najua kuna hofu nyingine siku hizi. Machi 1 mwaka 2025 ilitolewa amri ya rais inayofanya Kiingereza kuwa lugha rasmi ya Marekani, ikafuta amri ya mwaka 2000 iliyozitaka ofisi za serikali kuu kuwarahisishia huduma watu wasiojua Kiingereza vizuri. Watu wengi wameniuliza kama sasa shule inaweza kuwakatalia mkalimani. Amri hiyo haikuzifuta sheria zilizotungwa na Bunge. Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964, inayokataza mtu kubaguliwa kwa sababu ya asili yake, bado ipo. Sheria ya Fursa Sawa za Elimu ya mwaka 1974 bado ipo. Na ipo hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani ya mwaka huo huo wa 1974 katika kesi ya Lau dhidi ya Nichols, ambayo nataka muijue kwa sababu waliodai haki ya watoto kusaidiwa lugha shuleni ni familia kama zenu. Zilikuwa familia za Kichina za San Francisco. Wanafunzi wapatao 1,800 waliokuwa hawajui Kiingereza walikuwa wakikaa darasani bila msaada wowote wa lugha, na shule zilijitetea kwamba watoto wote wanapewa vitabu vile vile na walimu wale wale. Majaji wote walikubaliana kwamba kumpa mtoto kitabu kile kile asichoweza kukisoma si usawa. Mwaka 1982, katika kesi iliyotoka Texas, mahakama hiyo hiyo iliamua kwamba mtoto hawezi kunyimwa shule ya umma kwa sababu ya hali ya karatasi zake za uhamiaji. Msiwafiche watoto nyumbani kwa woga.

Sasa walimu, niseme machache kuhusu kazi yenyewe, kwa sababu kumleta mkalimani peke yake hakutoshi.

La kwanza ni muda. Kikao cha mzazi na mwalimu hupangiwa dakika 15. Kila neno likisemwa mara mbili, mzazi huyo amepewa dakika 7 na nusu. Mpangieni nusu saa. La pili, mwangalieni mama, msiniangalie mimi. Msiniambie, “Mwambie kwamba mwanawe ana akili sana.” Mwambieni yeye, jicho kwa jicho, sauti yangu itafuata. Nimeona nyuso za akina mama zikibadilika kwa jambo hilo dogo tu.

La tatu lina maelezo marefu kidogo. Kiswahili ni kimoja, lakini hakisemwi kwa namna moja. Mkalimani wa kwenye simu aliyezaliwa Mombasa au Dar es Salaam akimwuliza mama wa Uvira kuhusu “shule” ataeleweka, lakini mama atajibu kuhusu “masomo”, naye mkalimani anaweza kudhani anazungumzia mada za darasani, kumbe mama ametaja jengo lenyewe. Mama akisema “buletini” ana maana ya ripoti ya alama. Na wako wazazi ambao faili limeandika lugha yao ni Kiswahili, lakini jambo zito, la uchungu au la ugonjwa, hulisema vizuri zaidi kwa Kibembe, Kifuliiru, Kinyarwanda au Kirundi. Waulizeni. Swali la “ungependa tuzungumze kwa lugha gani?” halina gharama yoyote.

Kuhusu programu za simu zinazojitafsiria zenyewe, zitumieni kwa salamu na kwa kukumbusha tarehe, lakini zisisimame peke yake. Mwaka mmoja shule ilituma ujumbe kwamba kutakuwa na mapumziko ya majira ya kuchipua, na programu ikaandika “mapumziko ya chemchemi”, kama vile watoto wanapelekwa kwenye chemchemi ya maji. Mzazi mmoja hakuelewa. Jumatatu ya mapumziko alisimama kituoni na watoto wake wawili tangu saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kwenye baridi, akisubiri basi ambalo halikuwa linakuja. Alikuwa ametoka zamu ya usiku. Huyo ndiye mzazi tuliyeambiwa hajali.

Kisha, waulizeni wazazi historia ya masomo ya mtoto, maana haimo katika karatasi mlizo nazo. Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa mkoani Kigoma mwaka 1996, watoto wa Kikongo husomeshwa kwa mtaala wa Kongo na kwa Kifaransa, kwa matumaini kwamba siku moja watarudi kwao. Aliyetoka Nakivale, Uganda, huenda alishaanza kusoma kwa Kiingereza. Wawili hao wakiingia darasa la sita siku moja, mmoja anaweza kuzijua sehemu na asilimia vizuri kabisa, ila anazijua kwa Kifaransa. Mama au baba anaweza kuwaambia hilo kwa sentensi moja. Anaweza pia kuwaeleza kwa nini ndugu watatu wa tumbo moja wana majina matatu tofauti ya mwisho, na kwa nini wengi wamezaliwa Januari 1. Hiyo mara nyingi ni tarehe iliyowekwa na aliyejaza fomu, na umri wa kweli anao mzazi kichwani.

Nawasihi pia mwende majumbani. Sacramento, California, walimu na wazazi walianzisha utaratibu wa ziara za nyumbani mwaka 1998, na ziara hizo zilianza kwa kumwuliza mzazi matumaini yake kwa mwanawe, kabla ya kugusa makosa ya mtoto. Miaka ya nyuma zaidi, Tucson, Arizona, mtafiti Luis Moll na wenzake walikwenda pamoja na walimu kwenye nyumba za familia za Kimeksiko, wakakuta maarifa ya kilimo, ya ujenzi, ya biashara na ya tiba, ambayo darasani hayakuwa yakitajwa hata siku moja.

Hapa hapa Lexington nilikwenda na mwalimu wa sayansi kwa baba mmoja ambaye zamani alivua dagaa Ziwa Tanganyika. Mwalimu alikuwa anafundisha awamu za mwezi, na mtoto alikuwa haelewi mchoro wa kitabuni. Baba akaeleza kwamba dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kali dagaa hawaifuati taa, kwa hiyo mwezi ukipevuka wavuvi hukaa nchi kavu, wakashona nyavu. Akazihesabu kwa vidole siku za kutoka mwezi mwandamo hadi mwezi mpevu, na akaonyesha kwa mkono mwezi wa kila usiku huchomoza saa ngapi. Mwanawe hakuwahi kuyasikia maneno hayo. Mwalimu aliyaandika yote kwenye daftari, na wiki iliyofuata baba huyo alisimama mbele ya darasa, nami pembeni yake nikitafsiri, akaeleza upya. Siku ile mtoto alimtazama baba yake akiulizwa maswali na kuyajibu. Ninaamini jambo hilo lina thamani kuliko mikutano kumi ya kusomewa kanuni.

Wazazi wangu, nanyi mna sehemu yenu.

Mnapomwandikisha mtoto mnapewa fomu yenye maswali kuhusu lugha ya nyumbani: mtoto alianza kusema lugha gani, anatumia ipi zaidi, nyinyi mnamsemesha kwa ipi. Baadhi yenu huandika Kiingereza, mkiogopa kwamba mtoto atarudishwa darasa la chini. Andikeni ukweli. Fomu hiyo ndiyo inayomfungulia mtoto mlango wa kusaidiwa, na ndiyo inayoiarifu shule kwamba nyinyi mnahitaji mkalimani. Baada ya hapo mtoto hupimwa, na ndani ya siku 30 za mwanzo wa mwaka wa masomo shule inapaswa kuwaarifu kwa maandishi kwamba amewekwa katika mpango wa kujifunza Kiingereza, kwa nini, na kiwango chake ni kipi. Nanyi mna haki ya kuukubali mpango huo au kuukataa. Barua hiyo wengi wenu mliitupa pamoja na matangazo ya pizza. Siwalaumu, ilikuwa kwa Kiingereza. Ileteni ofisini, wekeni mezani, ombeni isomwe kwa lugha yenu.

Kila mwaka, kuanzia Januari, watoto hawa hufanya mtihani wa Kiingereza wa WIDA, wa kusikiliza, kuzungumza, kusoma na kuandika, na alama huanzia 1 hadi 6. Hapa Kentucky mtoto hutoka katika mpango akifikisha 4.5 kwa jumla. Ulizeni alama za kila kipengele. Mtoto mwenye 5 katika kuzungumza na 2 katika kuandika ndiye yule ninayemsema tangu mwanzo, ambaye kila mtu anadhani ameshajua.

Na nyumbani semeni lugha yenu. Wapo waliowashauri mseme Kiingereza na watoto ili wawahi kujifunza, na wengine mmejilazimisha, mkawa mnazungumza na wanenu kwa maneno machache mliyookota kazini. Acheni. Kiingereza watakipata shuleni saa 7 kwa siku. Kutoka kwenu wanahitaji lugha iliyokamilika, yenye sababu na matokeo, yenye hadithi ndefu na methali zake. Mtoto akirudi, mwambie: “Nieleze ulichosoma leo, na unieleze mpaka nielewe.” Mtoto anayeweza kueleza kwa Kiswahili au Kibembe kwa nini mvua hunyesha, siku ya kulieleza hilo kwa Kiingereza atatafuta maneno tu, fikra anayo tayari. Huhitaji kujua Kiingereza kufanya kazi hiyo, wala huhitaji kujua kusoma.

Mwisho, mkiitwa kikaoni mkakuta hakuna mkalimani ila mwanenu, mna ruhusa ya kusema kwamba mtasubiri. Semeni kwa adabu, lakini semeni. Kikao kikiahirishwa kwa siku mbili ili mkalimani apatikane, hakuna kitakachoharibika. Msitie saini karatasi msiyoielewa, hata kama aliyewapa anatabasamu na mnamheshimu. Na nyinyi vijana mliokaa pale pembeni, mkiambiwa mtafsiri kikao cha wazazi wenu, mna haki ya kujibu, “Samahani, mimi ni mwanafunzi.” Mwalimu atakayewakasirikia kwa jibu hilo simfahamu, na kama yupo, naomba aje tuzungumze mimi na yeye.

Yule mvulana sasa yuko darasa la sita. Masikio yalipimwa upya, safari hii kwa Kiswahili, amepewa kifaa cha kusaidia kusikia, na kiti chake kimehamishiwa upande wa pili wa darasa. Jumanne ijayo kuna kikao chake cha mwaka, nami nitakuwepo. Mama ameshaandika maswali manne kwenye karatasi, kwa mwandiko wake mwenyewe, na la kwanza linahusu mazoezi ya kusoma wakati wa likizo. Jana nilikutana na dada yake dukani, amekuwa msichana mrefu wa miaka 14. Nikamwuliza kikao cha mdogo wake kitaanza saa ngapi. Akasema hajui, nimwulize mama, kwa sababu Jumanne yeye ana mazoezi ya tarumbeta.

Asanteni sana kwa kunisikiliza.